Buti za Baba Kule Bahi

Kila nikifungua kopo la dawa ya viatu, narudi Bahi kwenye majaruba ya mpunga. Baba alikuwa amestaafu jeshi, na serikali ilikuwa ikiwafundisha wastaafu kilimo. Siku ya kwanza alinichukua twende wote, buti zake ziking'aa.

Bibi shamba aliyewafundisha alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo, mzee. Buti vua. Huku tunapanda pekupeku."

Nilijua atakataa. Hata nyumbani sikuwahi kuziona nyayo zake.

"Ndiyo, afande," baba akamjibu.

Akanikabidhi buti, akaingia. Tope lilipompenya vidoleni likamtekenya, akacheka mpaka akashika kiuno.

Jioni tulirudi hivyohivyo: yeye pekupeku, akipiga mluzi, na mimi nyuma yake nimezivaa buti, zikinifika magotini.