Macho ya Njano ya Randa

Seremala mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Lakini alipopata kazi ya madawati ya shule, akawa anashinda na njaa karakanani kutwa, macho yake yaligeuka njano kama kiini cha yai.

"Baba watoto, unakunywa wapi?" mkewe alimuuliza.

"Hapahapa. Chai yako isiyo na sukari."

Mkewe hakucheka. Wateja nao walinong'ona, na aliyeagiza kabati akahamia kwa fundi mwingine. Hata shemeji yake alikuja kumsihi aache chupa kabla ini halijaoza. Randa akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya karakana, mpaka siku moja akakata ubao mzuri wa mlango mahali pasipofaa. Hapo mkewe akasema, "Tunakwenda kupima. Basi."

Hospitalini, dada wa maabara alimfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Randa, ambaye patasi ilishamtoboa kiganja asitoe hata sauti, aligeukia ukutani.

"Mwanamume mzima!" mkewe akamtania. Lakini hakuuondoa mkono aliomwekea begani.

Majibu yalipotoka, daktari aliwakalisha. "Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjika, zikaacha rangi ya njano, bilirubini. Kazi ya ini ni kuisafisha na kuitoa. Yako imepanda kidogo, lakini vipimo vingine vyote vya ini viko sawa. Ini lako ni zima, mzee. Lina uvivu tu wa kuzaliwa nao katika kuisafisha rangi hiyo, na ukishinda na njaa au ukichoka, uvivu huo huonekana machoni. Hauna madhara. Kula kwa wakati."

Mkewe alishusha pumzi, akajifuta uso kwa kanga.

"Kwenu kuna mwingine mwenye macho haya?" daktari akauliza.

Randa akajibu, "Marehemu baba. Walimwita Mlevi. Alikuwa akiapa hanywi, na sisi wanawe tukitazamana tu."

"Marehemu siwezi kumpima," daktari alisema taratibu. "Lakini huenda alikuwa akisema kweli."

Kutoka pale Randa alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta anachambua maharage.

"Mama, baba alikuwa akinywa?"

"Nimelala naye kitanda kimoja mpaka anakufa. Harufu ya pombe ningeikosa?"

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia, mwanangu. Nani alisikia la mwanamke anayemtetea mumewe? Naye mwisho alichoka kukana, akawa anacheka nao."

Randa akamweleza yote. Mama aliweka ungo chini, akamtaka arudie polepole. Aliporudia, machozi yalikuwa yanamtiririka bikizee, na wala hakujisumbua kuyafuta.

"Nenda kamwite shangazi yako," akasema. "Na wale majirani wa zamani, wote. Uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na hilo jina la rangi ya kwenye damu usiliruke."