Mibuni ya Wifi Yunisi

Wifi yangu Yunisi hana makelele. Anafundisha darasa la tano hapa Iyula, na miaka kumi na mitano niliyoolewa na kaka yake Raphaeli sijamsikia akipaza sauti. Mwenye mdomo ni mimi, na wote wanajua.

Mwezi wa sita, kahawa ikichumwa, aliwafundisha watoto habari za kazi za wanaume na kazi za wanawake. Akawaambia wamchore mwenye shamba la kahawa. Darasa zima wakachora mwanamume, wengine wakamvisha na kofia. Basi akawauliza nani anapalilia, nani anachuma, nani anaanika. Mama, wakajibu, mama na dada. Ndipo binti mmoja, Imelda, akanyoosha mkono, akataka kujua mwalimu ana mibuni mingapi.

Yunisi, aliyechuma kahawa ya baba yake tangu hajang'oka meno ya utoto, akasema hana hata mmoja. Alinisimulia jikoni kwangu akicheka, kisha akaacha kucheka. Jumamosi ile baba yake, Mzee Aliko, alikuwa anagawa shamba, na walioitwa ni wanawe wa kiume watatu tu.

Hakuitwa, lakini akaja. Mimi nilikuwa namimina chai pale kwa mzee.

"Baba, na mimi naomba mistari yangu," akasema, taratibu tu.

Mzee akasema tangu azaliwe hajasikia binti akiomba mibuni.

"Kaka zangu waliomba lini?"

Loo! Hakuna aliyewahi kuomba. Wao walikuwa wanapewa. Mzee akazungusha kikombe weee, mwisho akamkatia mistari mitano ya bondeni, ile iliyokuwa iwe ya Raphaeli.

Sidanganyi, roho iliniuma. Mistari ile nimeipalilia mimi, mimba zangu zote nne. Nilimwona wifi mnyang'anyi kabisa, mwalimu mzima. Njia nzima Raphaeli akalalamika kwamba dada yake amechukua kahawa yetu, nami nikiitikia: yetu, yetu kweli. Tulipofika mlangoni nikasimama.

"Baba Brayan," nikamwambia, "hiyo kahawa yetu, yangu mimi ni ipi?"

Akasukuma mlango, akaingia. Halafu akauliza leo tunakula nini.