Mafundo Kwenye Mizizi ya Tumbaku

Nilipofikia umri wa kutumwa maji bila kusindikizwa, nilipewa kazi nyingine nyumbani: kuwa macho ya bibi yangu. Kwetu bibi tunamwita Ama. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba jicho la kushoto kabisa, na la kulia lilibaki kuona, kama alivyosema mwenyewe, moshi wenye watu ndani yake. Tuliishi nje kidogo ya mji wa Karatu, upande wa kupandia Ngorongoro, kwenye ule udongo mwekundu ambao wakati wa mvua unaganda kwenye nyayo mpaka unajiona umerefuka.

Nyuma ya nyumba, palipokuwa zizi la marehemu babu, Ama alikuwa na kishamba cha tumbaku ya ugoro. Alikigawa mapande matatu kwa mistari ya mawe. Pande moja tumbaku, la pili mahindi, la tatu ngwara, jamii ya maharage, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe. Kila mwaka mvua zilipoanza, mazao yalihama. Tumbaku haikurudi ilikotoka mpaka imalize kuzunguka mapande yote. Mimi niliona ni usumbufu mtupu, nikamuuliza sababu.

"Chini hapo kuna mwenyewe," aliniambia. "Ukimpa tumbaku mwaka mmoja, anashukuru. Ukimpa tena palepale, anazoea, hataki iondoke. Anaifunga mafundo kwenye mizizi. Na aliyeipanda naye anafungwa."

"Anafungwa wapi, Ama?"

"Atajua mwenyewe aliyefungwa."

Nilikuwa na miaka kumi hivi Ama alipoteleza kwenye tope akaumia nyonga. Alilala ndani wiki tatu, na miche kitaluni ilikuwa imeshafika kimo cha kiganja. Mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Basi Ama aliniita kitandani, akanieleza pande la kupanda: lile la mwisho, lililotoka ngwara.

Nilikwenda na jembe. Pande lile lilikuwa gumu, limejaa mashina ya ngwara na magugu yaliyokwisha kushika. Nilipiga jembe mara kadhaa, viganja vikaanza kuwaka. Pembeni yake, pande lililotoka tumbaku lilikuwa wazi, halina magugu, udongo laini kama unga. Nilitazama mlango wa nyumba. Nakumbuka vizuri kwamba nilitazama, kana kwamba angeweza kuniona. Kisha nikapanda miche yote kwenye ule udongo laini, na kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza.

"Pale nilipokwambia?" Ama aliuliza.

"Palepale."

Alinipapasa kichwa. "Macho yangu haya," akasema.

Mwezi wa kwanza sikuona kosa. Baadaye miche ikaanza kulegea jua linapokuwa kali, ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Jioni inainuka, kesho yake inalala tena. Majani yakawa madogo, ya njano kingoni. Nilibeba maji kutoka bombani mpaka mama akashangaa bidii yangu. Haikusaidia kitu. Na hapo ndipo tumbo langu nalo likaanza kuniuma. Siyo kwamba nilijisingizia. Liliuma kweli, chini ya kitovu, kama kitu kilichokazwa. Nikajua nimefungwa. Chakula kikanishinda, na sikuthubutu kumwambia mtu kwa nini.

Asubuhi moja Ama alichukua fimbo yake akasema anataka kuishika tumbaku yake. Nilimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa hukumuni. Aliinama, akagusa jani, akalipima kati ya vidole. Akashika mche mmoja, akaung'oa, akaupitisha mzizi vidoleni polepole kama mtu anayehesabu shanga. Hata mimi niliyaona: mafundo, moja baada ya jingine, mzizi mzima.

"Mjukuu wangu," akaniita, "hapa tuliposimama ni wapi?"

Nililia mpaka nikakaa chini. Nilimwambia tumbo limefungwa, nikamuuliza kama nitakufa. Ama naye akakaa, kwa shida na nyonga ile, akanivuta kwake.

"Huwezi kufa. Kalete maziwa kidogo."

Nilipoleta kikombe, akaniambia niuambie udongo nilichofanya, kwa sauti, nisipunguze. Nikasema yote, hata kule kutazama mlango. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akamwaga maziwa, akasema maneno machache ya Kiiraqw, lugha yetu, ambayo nayakumbuka hivi: mtoto amekosa, mtoto amesema, mwache. Kisha tukang'oa mche mmoja mmoja, tukaanika mizizi yote kwenye mawe tukaichoma. Saa nane nilisikia njaa. Nilikula ugali na mlenda hadi chungu kikalia.

Kilichobaki ni Koko. Ndivyo tulivyomwita yule bibi wa Kimasai aliyeshuka kila mwaka kutoka Ngorongoro na kibuyu cha samli, akabadilishana na ugoro wa Ama. Alipofika tukasalimiana kwa Kimasai, takwenya, iko, kisha akauliza tumbaku iko wapi.

"Ardhi imepumzika mwaka huu," Ama akajibu.

Akaingia ndani, akatoka na kopo lake mwenyewe la ugoro wa kunusa, akammiminia rafiki yake wote. Miezi iliyofuata alikaa na kichwa kinachomuuma, hana ugoro, na hakuna aliyejua sababu isipokuwa mimi naye. Hata mama hakuambiwa. Mvua zilizofuata alinituma tena kupanda, peke yangu, na hakuja kukagua.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipomsikia bwana shamba akitueleza kijijini habari za nyanya. Aling'oa mche, akatuonyesha mafundo yaleyale. Ni minyoo midogo ya udongoni, alisema, haionekani kwa macho. Hupenda tumbaku na nyanya, na dawa yake ya kwanza ni kubadilisha mazao. Namwamini. Nami nyumbani kwangu nahamisha mazao kila mwaka, na wanangu nimewaambia habari za minyoo.

Habari za Ama sikuwahi kuwaambia mpaka leo, kwa sababu sehemu yangu ndani yake inaniumiza. Udongo ule niliuchagua kwa kuwa yeye haoni. Angeweza kuniacha na woga wangu, unichunge maisha yote nisikosee tena. Watoto wengi wamelelewa hivyo na wakawa watiifu. Yeye alikaa chini kwenye udongo na nyonga mbovu, akanifungua.