Maji Nyuma ya Ebo

Kila asubuhi kocha wetu Mserbia alipanga koni mwenyewe, akipima umbali kwa hatua huku goti lake bovu likilia. Goti hilo lilimtoa uwanjani akiwa kijana. Tangu hapo alikuwa amefundisha katika nchi tisa, zote zikamfukuza. Hapa mjini Sekondi hakumfokea mchezaji aliyekosea. Alimshika kisogo kwa kiganja chake kipana na kusema, "Taratibu, mwanangu."

Jumamosi mwenyekiti wa klabu alimletea kikosi alichokipanga yeye mwenyewe. Mpwa wake alikuwamo. Ebo, mfungaji wetu, hakuwamo. Kocha alitusomea majina bila kuinua macho.

"Yule anayepiga kona mpaka barabarani ndiye acheze?" Ebo aliuliza. "Nimekosa nini, Kocha?"

"Hujakosa."

"Basi mpira nimeacha."

Akabeba begi lake. Kocha akachechemea hadi mlangoni, akamwaga chupa nzima ya maji nyuma yake. Kwa Waserbia, anayeondoka humwagiwa hivyo ili mambo yake yatiririke. Ebo hakujua. Aligeuka, akaitazama ardhi iliyolowa.

"Hata nyayo zangu unaziosha, mzee?"

Mimi, msaidizi wa kocha, nilijua maana ya maji yale. Kwa hasira ya kumwona kocha akiikubali orodha ile, sikumweleza Ebo.