Mkaguzi na Kizibao cha NIULIZE

Siku Mkaguzi alipostaafu, walimu wa wilaya nzima walimfanyia sherehe ya kumuaga ambapo hakuna aliyelia. Alikuwa amekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja. Kila gari lake lilipochungulia kwenye kona ya shule, walimu wakuu walikimbilia chaki, na wengine walikimbilia chooni. Yeye alidhani ile ni heshima.

Nyumbani hakukuwa na shule ya kukagua, kwa hiyo akaanza na jikoni. Alipanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa, akabandika ukutani ratiba ya kufua. Kisha akahamia chumba cha mbele, ambako mkewe alikuwa na cherehani na wateja wake. Akawa anasimama nyuma yake, mikono mgongoni, akimweleza namna ya kukunja pindo. Mkewe alikuwa ameshona miaka ishirini na sita bila msaada huo. Alivumilia miezi miwili. Wa tatu ulipoanza, alitoa pini mdomoni akasema:

"Baba watoto, kipaji chako ni kikubwa mno kwa nyumba ndogo kama hii. Nasikia hospitali kuu wanatafuta watu wa kujitolea. Nenda ukawasaidie."

"Unadhani watanihitaji?"

"Sana. Hata kesho."

Hivyo ndivyo wito wa kuwatumikia wanadamu ulivyomshukia Mkaguzi: kwa kufukuzwa nyumbani kistaarabu.

Jumatatu alifika hospitali saa mbili kasoro robo, amevaa suti na kubeba mkoba. Mkobani mlikuwa na kurasa kumi na nne alizoandika mwenyewe, zenye kichwa "Mapendekezo ya Kuboresha Hospitali". Alikuwa ameingia humo mara mbili tu maishani, zote akiwa na homa, lakini hilo halikumzuia. Muuguzi mkuu, mwanamke mfupi ambaye kila mtu alimwita Sista, alimwamkia kwa adabu na kuzipokea.

"Shikamoo mzee. Nitazisoma."

"Marahaba. Ukurasa wa tisa ndio wenye uzito."

"Nitaufikia. Kwa sasa vaa hiki."

Kilikuwa kizibao cha rangi ya machungwa, mgongoni kimeandikwa kwa herufi kubwa: NIULIZE. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kwenye mlango wa wagonjwa wa nje na kuwaonyesha watu njia. Mtu aliyewahoji wenzake miaka thelathini na mmoja sasa alitakiwa kuhojiwa yeye, tena kwa rangi ile. Alikivaa juu ya suti.

Palikuwa na tatizo dogo tu: hakujua kitu chochote kilipo. Mwingine angeuliza. Lakini neno "sijui" halikuwahi kupita kooni mwake, kwa hiyo aliwajibu wote, kwa sauti ya kujiamini na kidole kilichonyooka. Mwanamume mwenye jicho lililovimba alielekezwa kliniki ya wajawazito, akakaa foleni saa nzima bila kunung'unika. Mama aliyekuja kumwona dada yake alijikuta kwenye foleni ya eksirei. Zaidi ya hayo, Mkaguzi aliwauliza watu "Unaumwa nini?" kwa sauti iliyosikika hadi duka la dawa, na aliyezubaa na karatasi mkononi aliambiwa, "Si imeandikwa hapo? Soma." Jioni alimweleza mkewe kwamba kazi inakwenda vizuri sana.

Siku ya nne alikuja bibi mmoja na karatasi ya kliniki ya moyo. Daktari wa moyo alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi na kuondoka saa sita. Mkaguzi alielekeza kidole ghorofa ya tatu. Kliniki ilikuwa chini, hatua thelathini kutoka pale aliposimama. Saa saba, alipokuwa akipanda kutafuta choo, alimkuta bibi ameketi kwenye ngazi, amevua viatu, anahema.

"Napumzika kidogo, mwanangu," alisema bibi. "Huko juu wameniambia kliniki si huko. Na daktari ameshaondoka. Basi, nitarudi mwezi ujao. Asante kwa kunielekeza."

Hakukuwa na kejeli yoyote katika asante ile, na ndiyo maana ilimchoma. Angetukanwa, angejua la kujibu. Alimshika mkono wakateremka ngazi mojamoja mpaka kwa Sista.

"Huyu nimempoteza mimi," alisema. "Sikujua kliniki iko wapi."

Sista alimpeleka bibi kwa daktari wa zamu, akapimwa, akapewa dawa za kumsogeza mpaka daktari wa moyo arudi, na akaandikwa wa kwanza katika orodha ya mwezi uliofuata. Kisha Sista akamgeukia Mkaguzi.

"Mzee, kurasa zako nimezisoma zote. Ule wa tisa unasema wagonjwa hawafuati maelekezo."

Mkaguzi akatazama viatu vyake.

"Ukitaka kurudi nyumbani, hakuna atakayekulaumu. Au kesho uanze upya, umfuate mfagizi."

Angerudi nyumbani, ila huko kulikuwa na mwanamke mwenye mkasi. Akamfuata mfagizi.

Mfagizi alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, aliyekuwa na miaka kumi na saba katika korido zile. Mkaguzi alitembea nyuma yake siku tatu na daftari.

"Usimuulize mtu anaumwa nini," alisema mfagizi akisukuma ndoo. "Muulize ameambiwa aende wapi."

Baadaye kidogo: "Usitangulie. Mgonjwa unatembea ubavuni kwake, kwa mwendo wake."

Na baadaye tena: "Ukiona mtu anageuzageuza karatasi, ama haoni ama hakusoma. Mwambie, lete nikuangalizie, miandiko ya madaktari inatusumbua sote."

"Na kama mimi mwenyewe sijui chumba kilipo?"

"Unasema hujui, mnakwenda kuuliza wote wawili. Hujawahi?"

"Bado," alikiri Mkaguzi.

"Sijui" yake ya kwanza ilimtoka siku iliyofuata, saa nne na dakika kumi, mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni. Alisubiri dari ianguke. Mama yule alisema tu, "Basi tukaulize."

Siku zake zikawa Jumanne na Alhamisi, na hakukosa hata moja. Suti aliiacha kabatini. Bibi wa moyo aliporudi, ingawa ilikuwa Ijumaa, alimkuta mlangoni anamsubiri na kiti cha magurudumu. Walifika kliniki kabla ya daktari, na kabla ya mwenye ufunguo.

Mwezi wake wa saba pale mlangoni aliingia mzee mrefu mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, anapapasa ukuta. Mkaguzi alimtambua papo hapo: mwalimu mkuu mstaafu, ambaye shule yake aliikagua mara sita. Alimkaribisha, akampa kiwiko, wakaanza kutembea polepole kuelekea kliniki ya macho, iliyokuwa mwisho kabisa wa korido.

"Unaongoza vizuri," alisema mzee. "Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Serikalini."

"Mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Kazi nzuri, ukimtoa mkaguzi. Tulikuwa na mmoja, Mungu amsamehe. Mwaka fulani upepo uling'oa paa la darasa la tano, tukawa tunafundishia watoto kwenye stoo ya majembe. Akaja, akaandika kwamba stoo haina ubao wa matangazo."

Mkaguzi aliukumbuka ubao. Paa hakulikumbuka kabisa.

"Halafu?"

"Mwalimu wa darasa lile, binti hodari, alilia siku nzima. Mwisho wa mwaka akaacha kazi. Sasa anauza vitambaa sokoni."

Walifika. Mkaguzi alimketisha, akamweleza mlango uko upande gani na mbele yake wako watu wangapi. Kisha akachuchumaa.

"Mwalimu, yule mkaguzi ni mimi."

"Najua," alisema mzee. "Yaliyoharibika ni macho, masikio bado. Nilikujua pale mlangoni uliposema karibu. Nikaona leo nami nikusomee ripoti."

"Inasemaje?"

"Kuongoza wagonjwa, vizuri sana. Kukagua shule, hafifu. Maoni: angeanza na hii."

Mkaguzi alimsubiri saa mbili na nusu, akamsindikiza mpaka kwa binti yake aliyekuja kumchukua, na kabla ya kuagana akauliza yule mwalimu wa darasa la tano yuko sehemu gani ya soko.

Jumamosi alikwenda. Alikaa kwenye kibanda cha vitambaa karibu saa nzima, na waliyoongea hakumsimulia mtu. Alirudi nyumbani na mita nne za kitambaa cha bluu ambacho hakuna aliyekiagiza. Mkewe alikipima, akasema amepunjwa nusu mita. Mkaguzi alijibu kwamba hakuona kosa lolote.