Treni Isiyo na Kichwa

Kisukari kilipomaliza macho ya ami yangu, kazi ya kumrudisha nyumbani ilinishukia mimi. Yeye hufundisha dini katikati ya jiji, mimi ni karani wa duka la vitambaa mtaa wa pili, na sote tunakaa Dagoretti. Kila jioni humshika mkono tukaenda stesheni. Matatu hataki hata kuzisikia.

Kwa miaka tulipanda treni ya zamani, mabehewa yanayovutwa na kichwa cha dizeli. Ikifika mwisho wa safari kichwa hufunguliwa, kikazungushwa na kufungwa upande wa pili, kwa hiyo injini huwa mbele daima. Ami alikuwa akisikiliza mngurumo, kisha ananiuliza, "Tumeielekea injini?" Nami nilimtafutia kiti kinachoielekea. Nilidhani anaogopa kichefuchefu. Sikuuliza, saa hizo huwa nina njaa, na nikiwa na njaa sina adabu.

Ndipo likaja gari jipya la reli, ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limefanya kazi miaka mingi katika kisiwa fulani huko Ulaya, likastaafishwa, likauzwa kwetu na vibandiko vya lugha ya huko vikiwa bado milangoni. Lilikuwa zuri, sikatai: madirisha mapana, viti vya kitambaa. Lakini kichwa halikuwa nacho. Injini zilikuwa chini ya sakafu, zikinguruma miguuni mwa kila mtu, na kila ncha ilikuwa na chumba cha dereva. Akifika mwisho, dereva alitembea tu hadi ncha ya pili akarudi alikotoka. Nusu ya viti vilitazama huku, nusu kule.

"Injini iko wapi?" Ami aliuliza siku ya kwanza. "Naisikia kila mahali."

Mbele yetu niliona kioo cha dereva. "Iko mbele, Ami."

Tulipoondoka, nikajikuta narudi kinyumenyume. Chumba kile kilikuwa kitupu. Ami akakunja uso. "Mbona mgongo wangu unaniambia vingine?"

Nikamuuliza msichana aliyekaa kando yangu mbele ni wapi. Akacheka. "Hii haina mbele, boss. Inaenda side zote."

Viti vingine vilikuwa vimejaa, nami niliona aibu kumwinua Ami. Nikamwambia, "Ni za kisasa, Ami. Ndivyo zinavyohisika." Akaniamini. Baada ya hapo kila jioni nilijibu ndiyo bila hata kutazama, na ukweli ni kwamba mara nyingi sikujua.

Miezi ikapita. Gari likaharibika, vipuri vyake havikupatikana, likastaafishwa mara ya pili. Treni ya zamani ikarudi. Jioni hiyo simu yangu ilikuwa imezimika, ndiyo sababu nilimtazama Ami. Jua lilikuwa limetua. Aligeuza kifua mkono wa kulia, midomo ikawa inacheza, kisha akakunja vidole akanyoosha kile cha shahada.

Alikuwa anaswali Magharibi. Hakutaka wakati umpite njiani, na injini ndiyo iliyokuwa dira yake: tukielekea nyumbani, ukiitazama injini, kibla kiko kulia. Nikakumbuka kwamba katika lile gari pia aligeukia kulia, ilhali nilikuwa nimemkalisha akitazama mjini. Mzee asiyekosa swala, nami nilimfanya akipe kibla mgongo.

Au labda si jioni zote. Hilo ndilo lililonivuruga. Siku nyingine huenda tulikaa sawa kwa bahati. Zipi? Na dhambi hii ni ya nani? Nilitamani nisingeona chochote.

Nilimwambia tulipofika kwake.

"Ni jioni zipi?"

"Sijui, Ami."

"Basi nitazilipa swala zote."

Hakunikaripia. Ningefurahi angenikaripia. Alitandika msala wake katika chumba alichoswalia zaidi ya nusu ya umri wake, chumba anachokijua kila ukuta, akasimama juu yake.

"Njoo unielekeze," akasema.

Nikamshika mabega. Alikuwa ameshaelekea sawasawa, na bado aliningoja nimwambie.