Njia ya Kwenda kwa Lusekelo

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwanangu, ukungu umeikalia Ihanda mpaka mibuni ya jirani huioni, nami napanda njia ya kwa Bibi Namonje na kitabu kipya ndani ya koti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kitabu nilikiandika mwenyewe, na nilikuwa nakwenda kumpa zawadi. Nilipoingia uani niliona kuku bado hawajafunguliwa, na Bibi ameketi kwenye kigoda, uso umeelekea njiani, kama mtu aliyejua nitatokea saa ile ile.

"Umekuja na wewe," akasema. "Nilidhani wamekwisha."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea.

Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi naiweka darubini hapo uani, naielekeza kwenye jua, wala siweki jicho. Naacha mwanga uanguke kwenye karatasi nyeupe, nachora madoa ya jua yalivyo siku hiyo. Kisha naketi kuandika. Ukurasa mmoja mpaka mchana, siku nyingine nusu. Ndivyo nilivyokuwa hata ujanani. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nyota nilifundishwa na kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kwenye mitumba ya Tunduma, na mkono wangu ni mzito. Herufi naziweka moja moja kama mtu anayepanda maharage.

Tena nilikuwa na haya. Ukinisalimia nikiwa kwenye kundi, najibu huku naangalia viatu vyako. Lakini kwenye karatasi, mwanangu, sikumwogopa mtu. Shika hilo, maana ndipo palipoanzia ubaya.

Vitabu vyangu vilikuwa vidogo, vya kutoa kopi na kubana kwa pini. Aliyekuwa akiviuza kwa niaba yangu ni Mama Neema, mwenye meza ya magazeti karibu na stendi ya Tunduma, mwanamke wa maneno mengi. "Wewe bwana nyota," alikuwa akinitania, "huko juu wameshakupatia mchumba, au na huko unaona haya?"

Nilikuwa nikienda Ihanda kwa sababu Tunduma taa za malori yanayosubiri mpakani huziba anga lote. Bibi Namonje aliniruhusu kuweka darubini uani kwake. Hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Ananiletea uji, nakunywa, nashukuru, basi. Miezi ikapita hivyo. Siku moja, jua la saa sita, akanambia, "Njoo. Wewe si mtu wa kuuliza uliza, ndiyo maana nakuonyesha."

Akanipeleka nyuma ya mibuni. Palikuwa na kaburi fupi, limefyekwa vizuri, na kichwani pake jiwe jeusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Lilikuwa na vishimo vishimo, kama mtu ameubonyeza udongo laini kwa kidole gumba. Kuvu hakuna, vumbi hakuna. Bibi akainama.

"Hujambo, Lusekelo?"

Akanyamaza. Hakunyamaza kama aliyemaliza kusalimia. Alinyamaza kama anayesubiri kujibiwa. Kisha akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akageuka kwangu.

Lusekelo alikuwa kitinda mimba wake. Alikufa kwa homa, hajapoteza hata jino la kwanza. Siku ya mazishi, watu wamemaliza kutupia udongo, anga ni jeupe halina wingu, ukasikika mlio kama tairi la lori lililopasuka, na mbuzi wote wa mtaa wakalala chini kwa pamoja. Kesho yake Bibi alilikuta jiwe lile shambani, hatua chache kutoka kaburini. Akaliweka kichwani kwa mwanawe, akaliita kwa jina lake. Majirani walijua, wala hakuna aliyelitaja. Huku kwetu wazee walikaa na jiwe jingine, kubwa, lililoanguka kutoka mbinguni, miaka na miaka bila kumwambia mgeni. Si kwamba hawakuliona. Waliona haliwahusu wapitaji.

Nilitaka kuuliza kitu, nikanyoosha kidole. Bibi akaukamata mkono wangu, akaukunja vidole ukawa ngumi. "Kaburi halinyooshewi kidole, mjukuu wangu. Ukimnyooshea aliyelala, umemwita mtu aje."

Niliitikia. Kisha nikarudi chumbani kwangu, nikaandika.

Nilikuwa katikati ya kitabu cha mawe yanayotoka angani. Mtu wa sayansi, nilivyojifunza, hasemi tu. Anaonyesha, ili mwingine naye aende akahakiki. Kwa hiyo ukurasa wa thelathini na moja niliandika njia yote. Ukifika kanisa lenye bati jekundu, pinda kulia. Hesabu mashamba matatu ya kahawa. Nyuma ya nyumba yenye mlango wa buluu utaliona, na mwenyewe amelipa jina, analiita Lusekelo. Nikaongeza sentensi moja ya kujionyesha msomi: mara nyingi jiwe kama hili haliji peke yake, na huenda mengine yamezama chini yake.

Neno moja tu sikuliandika. Kaburi. Niliona halihusiani na nyota.

Nilifikiria kwenda kumsomea Bibi ukurasa ule kabla ya kutoa kopi. Nikaona haya. Nitaanzaje? Atasemaje? Haya zikanizuia kumsomea mwenye habari, lakini hazikunizuia kuwasomesha watu nisiowajua.

Kitabu kilipotoka Mama Neema alifurahi. "Safari hii umepatia," akanambia. "Wamekuja wanaume wawili, wamesimama hapa hapa wanasoma ukurasa mmoja huo huo, wanarudia kama watoto wa kipaimara. Wameondoka nacho."

Nami nilitabasamu, mwanangu. Nilitabasamu.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile ya ukungu.

"Nani, bibi? Nani wamekwisha?"

"Wageni wako," akasema. "Wamekuja juzi mchana, wawili. Wakapiga hodi vizuri, wakanipa shikamoo. Wakasema, 'Bibi, tumemfuata Lusekelo.'"

Mkono wangu ukaingia kotini, nikakishika kile kitabu.

"Miaka kumi na minane sijasikia mtu mwingine akilitamka jina hilo," akaendelea, sauti yake shwari kabisa. "Nikasema labda wamesoma naye. Kisha nikakumbuka hakuwahi kusoma. Lakini mdomo ulikuwa umeshajibu. Nikawaambia, yupo nyuma. Nikaingia ndani kuwapikia chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Nikasikia jembe."

Tulikwenda nyuma ya mibuni. Jiwe halikuwepo. Palipokuwa na kaburi palikuwa na shimo la kufika kiunoni, na ukungu umelijaa mpaka juu kama maziwa. Sikuona chini. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba sikuona. Ukingoni, chini ya bonge la udongo, ilibaki karatasi imelowa. Niliitambua kabla sijainama. Ukurasa wa thelathini na moja, na chini ya ile sentensi yangu ya usomi mtu amepiga mstari kwa ukucha.

"Walikuwa wameishika hiyo," Bibi akasema. "Walinisomea njia ya nyumba yangu mwenyewe. Nisomee na wewe."

Nikasoma. Nilipofika kwenye mawe yaliyozama akainua mkono.

"Ulijuaje kuna mengine?"

"Sikujua, bibi. Nilikisia."

"Na kaburi umeliandika wapi?"

"Sikuliandika."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala hasira. "Basi usinisomee mimi. Msomee yeye."

Nikasimama ukingoni mwa shimo nikaanza tena. Unajua ninavyosoma polepole. Ukungu ulikuwa mzito, na sauti yangu ikawa inanirudia kutoka chini, neno moja nyuma yangu, kama mtoto anayemfuatisha mwalimu akifundishwa kusoma. Kanisa, ikasema. Bati jekundu. Pinda kulia. Niliponyamaza, ile nyingine ilichelewa kunyamaza. Nilimgeukia Bibi. Alikuwa ameinamisha sikio, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Amesikia," akasema. "Sasa tumfunike."

Tulifukia kwa mikono na jembe mpaka ukungu ukaondoka. Kichwani tukaweka jiwe la kawaida la mtoni. Bibi hakulipa jina. Hakunifukuza, uji aliendelea kunipa mpaka alipofariki. Lakini nyuma ya mibuni hakunipeleka tena, na asubuhi nilipokuwa pale sikumsikia tena akisalimia mtu.

Nilishuka Tunduma, nikachukua vitabu vyote mezani kwa Mama Neema, nikazunguka kwa kila niliyemkumbuka kuwa alinunua. Nilikata ukurasa ule mmoja mmoja na kuuchoma. Vitabu vichache sikuvipata. Nilijiambia vitaliwa na mchwa. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu bado anakua.

Maana mwezi uliopita, mchana kweupe, pikipiki ilisimama hapa mlangoni kwangu Chapwa. Kijana wa rika lako, mpole.

"Shikamoo mzee. Naambiwa wewe unaifahamu Ihanda. Kwa Lusekelo nafikaje? Kanisa lenye bati jekundu nimelikosa."

Kanisa lile lilishaezuliwa, bati lake jipya ni la kijani. Mlango wa buluu haupo. Bibi hayupo. Yule kijana alikuwa anasema maneno yangu, kwa mpangilio wangu, maneno niliyoyaandika kabla hajazaliwa.

"Huko hakuna mtu wa jina hilo," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyeanza kusahau. "Lakini imeandikwa, mzee," akasema, akawasha pikipiki.

Alipoondoka nilichukua fimbo nikamfuata kwa gari la abiria. Nilimkuta amezunguka Ihanda yote bila kupaona. Nikamketisha kando ya njia, nikamweleza ninavyokueleza wewe. Aliniachia ile karatasi aliyokuja nayo, ukurasa wangu wa thelathini na moja. Hiyo ndiyo unayoiona chini ya mguu wa darubini. Nimeiweka hapo niione kila asubuhi kabla ya kushika kalamu.

Kwa hiyo sikia, wewe unayetaka kuandika, hata kama ni kwenye simu, ambako picha moja tu hutosha kuwaleta watu mpaka mlangoni. Mtu akikuonyesha kitu chake, usiondoke na njia ya kukifikia. Ulichoandika juu yake kampelekee kwanza yeye, umsomee, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utaangalia viatu vyake mwanzo mpaka mwisho. Haya ya kusema na ujasiri wa kuandika visikae katika mtu mmoja. Usilolijua, sema hulijui, wapo watakaolichimba. Na lile neno unaloliona halihusiani na kazi yako, liulize mara mbili. Huenda ndilo lililobeba yote.

Mungu akupe macho ya kufika mbali, mwanangu, na mkono unaojua kukunja vidole. Wanaokuamini walale walipolala, wasiamshwe na jina lao kinywani mwa mgeni. Amina.